Bustani ya miti ya Boston ni mali ya nani, na shamba la baba lifanywe nini?

Swali: Mtaalamu, ninaishi Roslindale, Boston. Jumapili baada ya misa huwa napita na watoto Arnold Arboretum, na mwanangu wa pili ameniuliza hapa ni kwa nani. Nimesikia palikuwa shamba la tajiri mmoja wa zamani, sasa wanasema ni pa Harvard, na wengine wanasema ni pa jiji. Siku moja hawatapauza wajenge maghorofa? Sababu nyingine ya kuuliza ni kwamba marehemu baba ametuachia ekari 18 karibu na Soni, Lushoto, zenye miti aliyoipanda kwa mkono wake. Kaka zangu wawili wanataka tugawane na kuuza. Mimi ningependa pawe bustani ya watu. Inawezekana?

Jibu: Dada, nianze na hofu ya maghorofa, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Harvard hawawezi kuiuza, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi unayotembea si yao. Ni ya Jiji la Boston. Jiji nalo haliwezi kuamka asubuhi moja na kuwatimua Harvard, kwa sababu Harvard ni mpangaji wake kwa mkataba uliotiwa saini Desemba 1882: miaka 1,000, kwa pango la dola moja kwa mwaka. Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba ardhi ni ya jiji, miti inatunzwa na chuo, na kutembea ni haki ya kila mtu, bure, tangu jua linapochomoza hadi linapozama.

Mpango huo haukutoka kichwani mwa tajiri. Nalisema hili mapema, kwa sababu linahusu na shamba la Soni.

Tajiri mwenyewe ni Benjamin Bussey, aliyezaliwa 1757. Alianza kama mfua fedha, akapigana katika vita vya uhuru vya Marekani, kisha akawa mfanyabiashara mkubwa wa Boston. Kuanzia 1806 alinunua mashamba ya Jamaica Plain, mtaa wa Boston ilipo bustani leo, moja baada ya jingine mpaka yakawa shamba moja kubwa, akaliita Woodland Hill, akajenga jumba na kuingia katika kilimo cha kisasa cha wakati ule na ufugaji wa kondoo wa sufu. Jumba halipo tena, lakini jina lake limebaki kwenye kilima cha Bussey Hill na kijito cha Bussey Brook, ambavyo bila shaka watoto wako wanavijua kuliko mimi. Alipofariki 1842, wosia wake ulikipa Chuo Kikuu cha Harvard shamba hilo na mali nyingine, kwa ajili ya mafunzo ya kilimo. Lakini warithi wake walibaki na haki ya kukaa humo, ndiyo maana miaka ikapita, chuo kikisubiri.

Mtu wa pili ni James Arnold, ambaye jina lake ndilo lililopewa bustani ingawa hakuwahi kuwa mwenye shamba hilo. Alikuwa mfanyabiashara wa New Bedford, mji uliotajirika kwa mafuta ya nyangumi. Alifariki 1868 na kuacha zaidi ya dola 100,000 mikononi mwa wadhamini watatu, wazitumie kuendeleza kilimo na bustani au jambo jingine lolote la manufaa ambalo wangeliona linafaa. Wadhamini hao, akiwemo mwalimu na mpenda miti George B. Emerson, ndio waliounganisha mambo mawili: huku kuna ardhi isiyo na fedha, huku kuna fedha zisizo na ardhi. Mwaka 1872 wakaandikiana na Harvard kwamba sehemu ya shamba la Bussey itengwe, na humo ipandwe kila aina ya mti na kichaka kinachoweza kuhimili hali ya hewa ya pale nje, bila kujali kimetoka nchi gani.

Watoto wakikua, waambie pia fedha hizo zilitoka wapi. Mwaka 2022 Harvard ilichapisha ripoti ndefu kuhusu uhusiano wake na utumwa, na Bussey yumo kama mfanyabiashara wa sukari, kahawa na pamba, yaani mazao yaliyolimwa na watumwa. Na tusijidhani tuko mbali na habari hiyo. Wafanyabiashara wa Massachusetts walikuwa wageni wa kawaida Unguja tangu enzi za Sayyid Said, ambaye alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Meli za nyangumi za New England zilitia nanga pale kuchukua maji na chakula, na marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, kilisafiri na misafara hadi ndani kabisa ya bara. Kivuli unachokaa chini yake Jumapili kina historia inayotugusa na sisi.

Sasa tuje kwenye mkataba wenyewe, kwa sababu hapo ndipo palipo na ujanja.

Mwaka 1873 Harvard ilimteua Charles Sprague Sargent kuwa mkuu wa kwanza wa bustani. Alikuwa kijana wa familia tajiri, hakuwa na sifa kubwa ya kisomo, na alikabidhiwa shamba ambalo mwenyewe baadaye alilieleza kuwa limechoka, miti yake ya asili imekaribia kuharibiwa na malisho. Riba ya fedha za Arnold haikutosha kujenga barabara, kuta na mifereji na bado ikanunua miti. Wakati huohuo jiji lilikuwa limemwajiri Frederick Law Olmsted, mbunifu wa Central Park ya New York, apange mlolongo wa bustani za wazi kuzunguka Boston. Olmsted alilitamani eneo lile liwe kiungo kimoja katika mlolongo huo.

Mapatano yakawa hivi. Harvard inalikabidhi jiji ardhi. Jiji linairudisha kwa Harvard kwa upangaji wa miaka 1,000. Jiji linajenga na kutunza barabara na kuta za nje, na linaleta askari wa ulinzi. Harvard inaamua mti gani upandwe wapi na inagharimia miti yenyewe. Ardhi haitozwi kodi, na wananchi wanaingia bila kiingilio. Usifikiri madiwani walishangilia. Walisitasita kwa miaka, ikabidi Sargent na wenzake wazunguke na ombi lililosainiwa na watu wenye majina mjini ndipo baraza likakubali.

Ukiutazama mkataba huo kwa macho ya mwanasheria, utaona kila upande una kitu cha kupoteza ukivunja. Jiji likitaka kubadili matumizi, linakutana na mpangaji ambaye muda wake haujafika hata robo. Chuo kikitaka fedha za haraka, hakina hati ya kuuza. Na wananchi waliozoea kuingia bure kwa zaidi ya miaka 140 ni jeshi la tatu ambalo hakuna diwani anayependa kukutana nalo wakati wa uchaguzi. Ukarimu wa Bussey na Arnold ulikuwa mwanzo tu. Bustani imedumu kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kuiondoa peke yake.

Wapo walioachia urithi ushike njia yake. Westonbirt, kule Gloucestershire, Uingereza, ilianzishwa 1829 na Robert Holford, kijana aliyekuwa na utajiri wa kutosha kupanda miti ya kigeni kama wengine wanavyonunua farasi. Mwanawe George akaendeleza, lakini hakuwa na mtoto. Alipofariki 1926 mali ikaenda kwa mpwa, jumba likageuzwa shule mwaka 1928, na miti ikaachwa ikisubiri hatima yake mpaka 1956, Tume ya Misitu ya serikali ilipoichukua. Leo ni bustani ya kupendeza, lakini unaingia kwa tiketi, na jumba na miti vilishaachana. Tena hapo mambo yaliisha vizuri. Mashamba mengi ya aina hiyo yaliishia kwenye msumeno, na hayana hata jina tunaloweza kulitaja.

Uliniuliza pia, mwishoni mwa barua yako ndefu ambayo mhariri ameifupisha, kwa nini hawaruhusu kuchoma nyama pale wakati bustani nyingine za Boston watu wanachoma. Ni kwa sababu ile si bustani ya mapumziko tu. Desturi imekuwa kwamba watu wanaruhusiwa kula chakula nyasini siku moja tu, Jumapili ya lilac, vile vichaka vyenye maua ya kunukia, ambayo huangukia Mei na imeadhimishwa tangu 1908. Siku nyingine zote, kile unachokiona kama bustani ni maktaba ya miti iliyo hai, na ndani ya maktaba huwashi jiko.

Angalia kibandiko kidogo cha chuma kwenye tawi. Kina jina la mti, na kina namba. Namba ya kwanza inaonyesha ulikuwa wa ngapi kupokelewa mwaka huo, kisha unafuata mwaka wenyewe, halafu herufi inayotofautisha mti huo na ndugu zake waliotoka kwenye mbegu zilezile. Ukiipeleka namba hiyo kwenye kumbukumbu za bustani utaambiwa mbegu ilichumwa wapi, na nani, lini. Bila kibandiko na daftari, eneo lote lile la ekari 281 lingekuwa pori zuri. Kwa kibandiko, kila mti ni ushahidi ambao mtafiti anaweza kuutegemea.

Nenda na watoto kuwatafuta wawili hawa. Wa kwanza ni katsura, mti wa Japani ambao majani yake yakipukutika Oktoba hunukia kama sukari iliyoungua. Mbegu zake zilifika 1878 kutoka Sapporo, zimetumwa na William S. Clark, Mmarekani aliyewahi kufundisha kilimo kule. Wa pili ni Metasequoia. Wanasayansi waliufahamu kwanza kutoka kwenye visukuku, wakadhani ulikwisha kutoweka zamani sana, mpaka miaka ya 1940 ulipokutwa ukiwa hai katika bonde moja la China ya kati. Elmer Drew Merrill wa bustani ya Arnold alituma fedha kidogo kwa wataalamu wa China wakusanye mbegu, nazo zikafika Boston Januari 1948. Harvard haikuzikumbatia, ilizigawa kwa mamia ya taasisi duniani. Ule utakaoukuta Jamaica Plain ni miongoni mwa ya mwanzo kukua nje ya China katika zama zetu.

Na ukianzia jengo la Hunnewell, lililo kwenye lango kuu, ukaufuata mpangilio wa Sargent na Olmsted, utaanza na magnolia na kumaliza na jamii ya misonobari. Hawakupanda kwa kufuata uzuri wa rangi. Walifuata orodha ya familia za mimea ya Bentham na Hooker, wataalamu wa Kiingereza, ili mwanafunzi ajifunze kwa miguu. Orodha hiyo imepitwa na wakati kisayansi, lakini miti haihami kwa sababu kitabu kimebadilika, na mimi naona ni vizuri ilivyo.

Haya, Soni.

Jibu langu ni ndiyo, inawezekana, lakini si kwa njia unayoifikiria. Umeandika “tuwape watu”. Watu gani? Zawadi isiyo na mpokeaji mwenye jina na wajibu huishia kuwa ya yule mwenye panga kali. Kabla ya hapo kuna hatua ambayo familia nyingi huiruka: mirathi. Kama mahakama haijateua msimamizi wa mirathi ya baba, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kutoa hata kisiki, awe wewe unayetaka bustani au kaka zako wanaotaka kuuza. Fanyeni hilo kwanza, mkiwa mnapatana. Na kama umeshachukua uraia wa Marekani, mweleze mwanasheria siku ya kwanza kabisa, kwa sababu sheria ya ardhi ya Tanzania haimtazami asiye raia kama inavyomtazama raia.

Pili, jueni mna haki gani juu ya ardhi hiyo. Miaka 1,000 ya Boston kwetu haipo. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kinachomilikiwa ni haki ya kuitumia. Kama baba alikuwa na hati chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, muda wake wa juu ni miaka 99, na pengine mingi imekwisha. Kama ni ardhi ya kijiji, hakimiliki ya kimila inaweza kuwa haina ukomo, lakini hapo serikali ya kijiji ni mshirika wako upende usipende, na mimi ningesema uipende. Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua misitu ya watu binafsi na misitu inayohifadhiwa na vijiji, kwa hiyo si jambo geni kwa afisa misitu wa wilaya.

Chombo cha kushika mali ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mtu wa pwani ataelewa haraka, kwa sababu wakfu umefanya kazi hiyo kwetu kwa karne nyingi: mali imefungwa kwa kusudi, na anayeitunza hawezi kuiuza. Katika bodi yenu nashauri wasijae wanafamilia. Weka mtu wa kijiji, weka mwalimu wa shule ya jirani, weka mtu wa misitu. Utalalamika kwamba unapoteza sauti. Ndiyo, na kaka zako nao wanaipoteza, na wajukuu wao pia.

Kuhusu kaka zako, usiwaite walafi. Ekari 18 Lushoto ni fedha halisi, na wana watoto wa kusomesha. Usisahau kwamba Bussey aliwaachia kwanza warithi wake haki ya kukaa, ndipo chuo kikapata. Pengine ekari 10 zigawanywe, na nane zenye miti mizuri na chanzo cha maji ziwekwe chini ya wadhamini. Bustani ndogo inayotunzwa inaishi kuliko kubwa inayogombaniwa. Na fedha za kila mwaka zitoke wapi? Kabla hujapanda mti mmoja mpya, hesabu mshahara wa mlinzi na mtu wa kufyeka. Kitalu cha miche kinaweza kusaidia, ziara za wanafunzi zinaweza kuleta kidogo, lakini kama huna mfuko wa kulipa watu hao wawili kwa miaka kadhaa mbele, basi bado huna bustani.

Kisha miti yenyewe. Umenitajia mikaratusi, grivelia, miwati, misonobari, na “mingine baba alileta kutoka Amani”. Hiyo ya mwisho imenishtua kidogo. Amani ni kituo chenye heshima, Wajerumani walikianzisha 1902 katika Usambara Mashariki na wakapanda miti kutoka karibu kila pembe ya nchi za joto. Lakini humo ndimo ulimopandwa Maesopsis eminii, ambao Waganda wanauita musizi. Ni mti wa Afrika, tena ni wa asili hata huko Kagera, ila haukuwa wa milima ile. Hondohondo wanazipenda mbegu zake, wakazisambaza, na palipokatwa mbao msituni ukaota kwa wingi na kuisonga miti ya asili. Boston nao wana kesi kama hiyo: mti wa Amur wenye gome kama kizibo cha chupa, ulioletwa kutoka Asia kwa nia njema kabisa, sasa unahesabiwa kuwa mvamizi katika misitu ya Massachusetts. Kwa hiyo mwiteni mtaalamu wa mimea apite shambani aseme ipi ibaki, ipi isiachwe kuzaa, na ipi ing’olewe kabla hamjamkaribisha mtu. Nafasi zitakazobaki wazi pandeni mkulo na mtarakwa, miti ya milima yenu wenyewe, inayozidi kuadimika kwa kukatwa mbao.

Ila kazi ya kwanza kabisa ni ya bei ndogo, na unaweza kuianza likizo ijayo hata kama kaka zako hawajakubali lolote. Nunua daftari gumu na vibati vya aluminiamu. Mchukue mama, au mzee yeyote aliyefanya kazi na baba, mzunguke mti kwa mti. Uandike namba, jina la Kisambaa, jina la Kiswahili, baba aliupata kwa nani, mwaka gani au angalau mtoto yupi alikuwa mchanga wakati unapandwa. Pima mzingo wa shina kwenye kimo cha kifua. Piga picha ya gome, jani na tunda. Majina ya kisayansi yatafuata baadaye, sampuli zinaweza kupelekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa Lushoto, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zikatambuliwe. Kile mama anachokumbuka hakipo kwenye hifadhi yoyote. Daftari hilo likishakamilika ndilo utakalowawekea mezani kaka zako, afisa misitu na RITA, na mazungumzo yatabadilika, kwa sababu mtakuwa mnazungumzia miti yenye majina badala ya ekari zenye bei.